Kuanzisha shamba la sola kijijini, Kanda ya Kati

Shamba tunalolieleza hapa lina paneli 1,820 za wati 550, inveta nne (vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kuingia gridi) za kilowati 200 kila moja, yaani kilowati 800 kwa jumla, na transfoma moja ya kupandisha umeme hadi kilovolti 33. Linaenea kwenye hekta 2, na kwa jua la Dodoma au Singida hutoa uniti kama milioni 1.6 kwa mwaka. Tanzania, mtambo wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha, unasajiliwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Lakini taratibu za NEMC, baraza la mazingira, na mkataba wa kuuziana umeme na TANESCO haviepukiki.

Wengi huanza kutafuta ardhi. Anza na laini. Kila kilomita ya nguzo kutoka shambani hadi laini ya kilovolti 33 ni gharama yako, na eneo zuri lililo mbali na laini halifai. Kisha omba kumbukumbu za kukatika kwa laini hiyo kwa mwaka mzima. Inveta za gridi hujizima laini ikizima, ili mafundi walio juu ya nguzo wasipigwe na umeme wako. Laini inayokatika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri inakula mapato yenyewe, maana hapo ndipo uniti nyingi hupatikana. Mkataba useme wazi hasara hiyo inabebwa na nani.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaongozwa na vikao, si na mwenyekiti na mtendaji peke yao. Pata muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini. Angalia nani hayumo kwenye orodha hiyo: mara nyingi ni wafugaji wanaopitisha ng'ombe pale kiangazi tu. Mapito ya mifugo na shoroba za wanyamapori ziingizwe kwenye ramani kabla ya kupiga kigingi cha kwanza, kwa kuwa uzio ukishaziba njia ya tembo utavunjwa, na ukiziba njia ya ng'ombe utakatwa. Ni bora kukodi kuliko kununua. Kodi iandikwe kuwa inapanda kila baada ya miaka kadhaa, na ilipwe kwenye akaunti ya kijiji.

Sema mapema jambo ambalo wawekezaji wengi hulikwepa: umeme utaingia gridi, hautawasha taa za nyumba zilizo jirani. Kuunganishiwa umeme ni ombi jingine kabisa. Wanakijiji wakiligundua siku ya uzinduzi, uhusiano umekwisha, na waya za shaba zitaanza kupotea. Faida inayoonekana haraka ni maji. Kisima chenye pampu ya kilowati 3 hadi 5 na simtanki la lita 10,000, bomba likiwa nje ya uzio, huwahudumia watu na mifugo, na shamba lenyewe hutumia maji kidogo: takriban lita 2 kwa paneli, yaani chini ya lita 4,000 kwa usafi mmoja. Safisha alfajiri, kwani maji baridi kwenye kioo cha moto yanaweza kukipasua. Kama maji ya kisima yana chumvi, kama yalivyo maeneo mengi ya Singida, yafute kwa mpira yasikaukie juu, la sivyo huacha ukoko mweupe ambao brashi haiutoi.

Upande wa ujenzi: funga paneli 26 kwa mfululizo mmoja, mifululizo 70. Kila mfululizo hufika volti 1,300, na asubuhi ya baridi zaidi ya hapo, hivyo inveta na viungio viwe vya volti 1,500. Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 12; zikilala zaidi ya hapo vumbi hutuama kwenye ukingo wa chini. Nguzo za chuma zinazobeba paneli zichomekwe mita 1.5 au zaidi, na chache zijaribiwe kwa kuzivuta kwa jeki kabla ya kuagiza zote. Kwenye udongo mweusi wa mbuga jaribu masika na kiangazi pia, maana udongo huo huvimba na kusukuma nguzo juu.

Usikwangue ardhi yote kwa greda. Ni kosa la kawaida na la gharama: udongo ulio wazi hugeuka vumbi juu ya paneli kiangazi, na masika maji yanayodondoka ukingoni huchimba mifereji chini ya nguzo. Acha nyasi za asili, inua ukingo wa chini wa paneli sentimita 80 hadi 100, kisha ruhusu kondoo wa kijiji kulisha kwa zamu. Mbuzi hapana. Hupanda juu ya paneli na kutafuna waya. Nyasi zikikauka ni hatari ya moto, kwa hiyo lima barabara ya kuzuia moto ya mita 6 hadi 10 kuzunguka uzio kila mwisho wa masika.

Uzio uache nafasi ya sentimita 20 chini, bila senyenge yenye miiba sehemu hiyo, ili kobe, sungura na nguchiro wapite. Nguchiro akiingia panya hupungua, na panya ndio watafunaji wakubwa wa waya. Kwenye nguzo ya transfoma, viungio vilivyo wazi vivalishwe mipira, kwa sababu mwewe au tumbusi anayegusa waya mbili hufa na kuzima shamba zima. Matundu ya masanduku ya umeme yafunikwe kwa wavu mwembamba, nyuki wasijenge ndani. Mizinga ya kikundi cha ufugaji nyuki iwekwe mita 300 kutoka paneli, kwani nyuki wetu ni wakali na fundi aliye juu ya ngazi hana pa kukimbilia.

Paneli iliyopasuka usimpe mtu aende nayo nyumbani, hata akiomba vipi. Ikilowa, umeme huvuja kwenye fremu. Ihifadhiwe chini ya paa, kioo kikitazama chini. Na mkataba wa kodi uweke fungu la fedha, linalochangiwa kila mwaka, la kung'oa nguzo na kurudisha ardhi muda wa kukodi ukiisha.