Jicho jekundu, linauma na halitaki mwanga? Soma hii kabla hujaenda duka la dawa

Tangu ule mlipuko wa Januari 2024, mtu jicho likimwiva tu jibu la mtaani ni moja, hayo macho mekundu yataisha yenyewe, na kweli mengi huisha. Ila kuna ugonjwa unafanana nayo, uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, na huu ukiuachia unaweza kukuondolea uoni moja kwa moja.

Macho mekundu ya kawaida yanawasha, yanatoa tongotongo, na nyumbani mara nyingi mwingine huyapata. Uveitisi ya mbele tongotongo huna, maumivu yako ndani, wekundu umezunguka ile duara nyeusi, na ukitoka jua la saa sita hapo Ngamiani, Tanga, machozi yanamwagika tu. Jaribu hivi: funika vizuri jicho linalouma, afu mulika tochi ya simu kidogo kwenye lile zima. Lililofunikwa likiuma, panda bajaji leo leo, usisubiri Jumatatu. Lisipouma bado usijipe uhakika, maana uveitisi ya nyuma ya jicho mara nyingi haiumi, unaona tu vidoa vinaelea na ukungu.

Usitie chai, wala maziwa ya mama, na nawaomba sana msinunue matone ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, kienyeji bila kuandikiwa na daktari. Yanatuliza wekundu haraka ndo maana watu wanayapenda, lakini kama ni kidonda cha virusi vya hepesi kinachimba zaidi, na ukiyatumia muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho, ambayo mara nyingi huisikii mpaka uoni umeshaliwa.

Wa Tanga mjini, hospitali ya Bombo ndo karibu. Ulizia kliniki ya macho, utawekwa kidevu kwenye mashine yenye taa, daktari ataubana mwanga mpaka milimita 1 kwa 1 ahesabu chembe zinazoelea ndani ya jicho, zinaonekana kama vumbi kwenye mwale wa jua uliopita tundu la bati. Kipimo hicho wataalamu walikubaliana na kukichapisha 2005, ni 0 mpaka 4, chembe zikizidi 50 ndo 4. Muulize, "Dokta, mi niko namba ngapi, na presha ya jicho ngapi?" aandike kwenye daftari lako, maana kliniki ijayo unaweza kukuta daktari mwingine. Pima pia kaswende, VVU na kifua kikuu, hivi vyote vinaleta uveitisi, na kama mgongo unakaza asubuhi au una vidonda vya mdomo visivyoisha sema, usione haya.

Utapewa steroidi na dawa ya kupanua mboni. Hii ya pili wengi wanaiacha kwa kuwa inatia ukungu, jamani msiiache, inazuia mboni isigandane na lenzi. Na steroidi inapunguzwa polepole kwa maelekezo, hata jicho likiwa jeupe.

Ikiwa inarudirudi utasikia habari za vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Usikate tamaa kwamba dawa nzuri ni zile ghali tu, kuna utafiti ulitoka 2019, watu 216 kutoka nchi kadhaa ikiwemo India na Marekani, methotreksati ya zamani, hii hii ya baridi yabisi, haikushindwa na mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Ila inamezwa mara moja kwa WIKI, sio kila siku, ini linapimwa, na mjamzito haruhusiwi.

Ukiombwa kuingia kwenye utafiti usikimbie, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo hapa Tanga na watu wameshazoea. Uliza kibali cha maadili, kama ni dawa inajaribiwa uliza na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, ukidhurika nani anatibu, na kujitoa ni haki yako siku yoyote. Kuna utafiti wa Uingereza, majibu yalitoka 2017, watoto 90 wenye uveitisi inayoambatana na ugonjwa wa kuvimba viungo, baadhi waliongezewa sindano ya adalimumabu juu ya methotreksati, na ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana wazi.

Na hao watoto ndo wananiuma zaidi, kwa sababu jicho lao mara nyingi halina wekundu wala maumivu. Mwanao akiwa na magoti yanayovimba miezi na miezi, mpeleke akapimwe macho kwenye ile mashine hata kama anaona vizuri, na muulize daktari mtoto arudi baada ya miezi mingapi.