Kugawa maji kwenye bustani ya pamoja: pima kwa pipa, usipime kwa saa

Bustani nyingi za pamoja hapa Tabora huanza kugombana Septemba. Mvua zilikatika tangu Mei, kisima kimeshuka, na ratiba iliyobandikwa ukutani inasema kila mwanachama ana nusu saa ya koki. Aliye karibu na tangi anamwagilia matuta yake yote ndani ya nusu saa hiyo na kubakiza. Aliye mwisho wa laini anapata ndoo tatu. Wanaanza kuitana wezi wakati ubaya uko kwenye ratiba.

Somo hili ni la kugawa maji kwa lita, kwa kutumia mapipa, kwenye bustani yenye kisima kifupi, tangi moja la lita 5,000 na vipande 24. Kama ninyi mko 15 au 40, badilisheni namba. Hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Jueni kisima kinaingiza lita ngapi

Fanyeni kipimo hiki mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Kisima kilichopimwa Mei kitawadanganya, mtapanda matuta ambayo hamtaweza kuyanywesha. Vinavyotakiwa ni kamba yenye jiwe, futi ya fundi, saa na daftari.

Pima upana wa kisima kwanza. Cha mita 1.2 kina eneo la mita za mraba 1.13, kwa hiyo kila sentimita 10 za kina cha maji ni lita 113. Asubuhi kabla hajachota mtu, vuteni maji kwa pampu mpaka yabaki nusu mita juu ya mdomo wa bomba la kuvutia. Zima. Teremsha kamba hadi jiwe liguse maji, funga fundo usawa wa ukingo wa kisima. Subiri saa moja kamili, teremsha tena, funga fundo la pili. Umbali kati ya mafundo mawili ndiyo jibu. Ukiwa sentimita 60, kisima kimeingiza lita 678, andikeni 650. Rudieni kesho yake na mtumie namba iliyo ndogo.

Maji huingia kwa kasi kisima kikiwa kimeshuka, na kasi hupungua kadiri kinavyojaa. Ndiyo maana kuvuta mara tatu kwa siku kunatoa maji mengi kuliko kusubiri kijae halafu kuvuta mara moja.

Hatua ya 2: Jueni matuta yanakunywa kiasi gani

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga zilizofunika tuta, kiangazi, zinahitaji kama milimita 5 kwa siku, na Oktoba jua likichoma na upepo ukivuma hufika 6. Tuta la mita 1 kwa 10 kwa hiyo linataka lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Mwenye matuta manne anahitaji lita 200, pipa moja. Watu 24 ni lita 4,800 kwa siku.

Kisima cha lita 650 kwa saa kinahitaji kama saa saba na nusu kuingiza kiasi hicho. Inawezekana: vuteni alfajiri, saa sita mchana na jioni, lita 1,600 kila mara. Ili lita 1,600 zipatikane kwa mkupuo, kisima cha upana huo lazima kiwe na kina cha maji cha mita 1.4 juu ya ile nusu mita ya akiba.

Kisima kikitoa lita 3,600 tu, kila mmoja alime matuta matatu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabaki na matuta manne na kupunguza maji ya kila tuta. Maji yakiwa machache yanalowesha sentimita chache za juu, mizizi inabaki hukohuko juu, na jua la saa saba linaikausha. Punguzeni matuta. Tuta moja lililonyweshwa sawasawa linatoa mchicha ndani ya wiki tatu hadi nne. Mawili yenye kiu yanatoa maua na mbegu kabla ya majani.

Hatua ya 3: Pampu, tangi na bomba

Tabora ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Pampu ya kukaa juu ya ardhi haivuti vizuri maji yaliyo chini zaidi ya mita 6. Kisima chenu kikishuka zaidi ya hapo mnahitaji pampu ya kuzama ndani ya maji. *Msiteremshe kamwe pampu ya petroli ndani ya kisima ili ikaribie maji, na mtu asiingie kisimani pampu hiyo ikiunguruma karibu na mdomo.* Moshi wake hujaa humo, hauonekani, na unaua anayeingia na anayemfuata kumwokoa.

Tangi likikaa kwenye mnara wa mita 2 linatosha. Lita 5,000 zina uzito wa tani 5, kwa hiyo mnara ni wa matofali ya saruji au nguzo za zege, wenye sakafu ya zege iliyosawazishwa juu yake. Tangi la plastiki likiwekwa juu ya mbao zenye nafasi, kitako kinabonyea na kupasuka pale penye nafasi. Bomba la kutolea liwe sentimita 10 juu ya kitako ili tope libaki chini, na pawepo koki nyingine ya kusafishia chini kabisa. Bomba la maji yanayofurika lisiwe jembamba kuliko linaloingiza.

Upana wa bomba ndio jambo ambalo watu hubania pesa na kulilipia kila siku. Ukiongeza upana wa ndani mara mbili, maji yanayopita yanakuwa kama mara sita. Kwa mnara wa mita 2, bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 50 linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili na nusu; la inchi moja na nusu linaijaza ndani ya robo dakika. Laini kuu iwe inchi moja na nusu, matawi ya kwenda kwenye mapipa robo tatu inchi, yawe mafupi. Bomba la PVC lifukiwe sentimita 40 hadi 50: jua hulifanya likakamae na kupasuka, na likiwa juu zaidi jembe litalifikia. Kwenye maungio, piga msasa, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, na usifungulie maji hadi kesho.

Hatua ya 4: Mapipa

Wekeni mapipa sita, kila moja katikati ya vipande vinne. Yasiwe yaliyobebea dawa za mashambani, hata kama yameoshwa. Mapipa hayalingani, kwa hiyo mimina ndoo kumi kamili za lita 20 katika kila moja, kisha piga mstari wa rangi ya mafuta ndani, usawa wa maji. Mstari huo ndio haki ya mwanachama mmoja kwa siku, awe jirani na tangi au awe pembeni kabisa.

Mdomo wa koki uwe sentimita 10 juu ya ukingo wa pipa, na mpira usizamishwe ndani. Maji yakikatika kwenye laini, mpira uliozama hunyonya uchafu wa pipa na kuurudisha kwenye bomba. Bomba la mgongoni la kupigia dawa lisioshwe hapo wala lisijaziwe hapo. Lijazwe kwa ndoo, mbali.

Hatua ya 5: Zamu

Mapipa 24 kwa siku, yaani yale sita yakijazwa mara nne kila moja: 12 kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, 12 kuanzia saa 10 jioni. Fungueni koki mbili tu kwa wakati mmoja. Anzeni na mapipa ya mbali tangi likiwa limejaa, kwa sababu tangi likikaribia kuisha koki ileile hutoa maji pungufu kwa theluthi moja au zaidi. Kwa hesabu ya saa, mtu wa mwisho angeumia. Kwa mstari wa pipa, anasubiri tu dakika chache zaidi.

Mtunza maji ni mmoja kwa wiki, na funguo za valvu kuu anazo yeye. Daftari lina safu nne: tarehe, namba ya kipande, mapipa aliyochota, sahihi. Mwisho wa mwezi chukueni gharama ya mafuta na vipuri, gawanyeni kwa mapipa yote yaliyochotwa. Aliyechota 20 analipia 20. Ongezeni kidogo kwa ajili ya wosha na koki, maana koki ya pamoja haidumu.

Hatua ya 6: Kutafuta panapovuja

Mara moja kwa wiki fungeni koki zote usiku, mpime kina cha maji tangini, mpime tena alfajiri. Tangi la upana wa mita 1.8 lina lita 25 kwa kila sentimita. Likishuka sentimita 4 usiku mmoja, mmepoteza nusu pipa. Funga valvu kuu usiku unaofuata: likiacha kushuka, uvujaji uko kwenye laini, likiendelea, uko tangini au kwenye maungio yake. Kwenye laini, tembea alfajiri ukitafuta udongo ulio na giza na magugu mabichi mahali pasipomwagiliwa.

Kuhusu sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na kutumia maji kwa umwagiliaji kunaangukia kwenye vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Manispaa ya Tabora ni Bonde la Ziwa Tanganyika. Ulizeni kabla ya kuchimba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Ipuli: Shikamoo mwalimu. Udongo wetu ni mchanga mtupu. Nikimwaga pipa lote asubuhi, jioni tuta limekauka kama sijamwagilia.

Jibu: Marahaba. Mchanga haushiki, maji yamepita chini ya mizizi. Gawa pipa lako: nusu asubuhi, nusu jioni. Changanya samadi iliyoiva, ndoo mbili kwa kila mita ya mraba kabla ya kupanda, halafu funika tuta kwa nyasi unene wa sentimita 5. Kwa sababu ya mchwa, nyasi zisiguse shina, na usiziache zikauke kabisa, maana mchwa hufuata kilichokauka. Chimba kwa kidole au kijiti saa moja baada ya kumwagilia. Unyevu ufike sentimita 15. Wenye udongo mweusi wa mbuga wafanye kinyume: maji mengi zaidi kwa mara moja, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Swali, Malolo: Mwanachama akisafiri, pipa lake ni la nani? Kwetu hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Jibu: Andikeni kwenye kanuni kabla ya kiangazi. Utaratibu unaofaa ni huu: anayesafiri anamtaja kwa mtunza maji mtu atakayemwagilia kipande chake, na jina linaandikwa daftarini. Asipotaja mtu, pipa lake linabaki tangini hadi jioni. Likifika jioni halijachukuliwa, linakwenda kwenye kitalu cha miche cha wote. Lisichukuliwe na jirani, hata akiomba kwa upole. Jirani akilizoea wiki mbili ataliona ni lake.

Swali, Kiloleni: Nyanya zangu zinaoza kitako na nyingine zinapasuka. Nimepiga dawa, hakuna mabadiliko. Ni maji ya kisima?

Jibu: Dada, acha dawa kwanza. Kitako kuoza pale lilipokuwa ua, doa jeusi lililobonyea, mara nyingi ni maji yasiyo na mpangilio: siku tatu kavu, siku ya nne mafuriko. Mmea unashindwa kupeleka kalsiamu kwenye tunda. Kupasuka ni jambo hilohilo, tunda linavimba ghafla ngozi ikiwa imekomaa. Mpe kila mche lita 2 kila siku bila kuruka, kwenye shina, na funika udongo. Matunda yaliyokwisha kuoza chuma utupe. Yatakayofuata yatakuwa safi.

Swali, Ng'ambo: Tunataka mipira ya matone. Itafanya kazi na mnara wa mita 2?

Jibu: Itafanya, kwa mipira iliyotengenezwa kwa presha ndogo, kila laini isizidi mita 15 na ardhi iwe tambarare. Wekeni kichujio mara baada ya tangi na kukiosha kila siku. Kama maji ya kisima chenu huacha rangi ya kutu kwenye ndoo nyeupe, yana chuma kingi, na matundu yataziba. Bakini na keni za kumwagilia kwa mkono.

Swali, Isevya: Kisima kimebaki na nusu mita ya maji. Tuongeze kina sasa hivi au tusubiri mvua?

Jibu: Sasa hivi. Oktoba ndiyo wakati ambao fundi anaweza kufikia chini kabisa. Mkichimba Januari mtaishia pale maji ya mvua yalipo, na mwakani kitakauka tena. Ongezeni mita 1.5 hadi 2, mkishusha ringi za zege nyembamba kidogo kuliko zilizopo, na chini mwage tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 20. Kabla mtu hajaingia teremsheni taa ya mshumaa. Ikizimika, hewa ni mbaya, asiingie. Hata isipozimika, ashuke akiwa amefungwa kamba, na watu wawili wenye nguvu wakae juu muda wote.