Nguzo ya kamba ya mkonge: paka anoe kucha hapo, aache sofa

Paka anayeparura sofa si mkorofi. Anavua ganda la nje la kucha, ananyoosha mgongo na kuacha harufu ya nyayo zake. Hamu hiyo haiishi kwa kofi. Mpe mahali panapomfaa kuliko sofa. Tanga kazi hii ni nyepesi, maana mkonge uliletwa huku tangu 1893 na kamba yake inashika kucha barabara.

1. Vifaa. Nguzo ya mvinje, unene sentimita 10, urefu 90. Ubao mzito wa 50 kwa 50. Skrubu tatu za inchi 4, gundi ya mbao, na kamba ya mkonge ya milimita 10, mita 32. Inuse kamba kabla ya kulipa: ikinuka mafuta, iache. Nailoni usinunue, inateleza.

2. Kuunda. Toboa kwanza, la sivyo nguzo itapasuka, kisha kaza skrubu kutoka chini ya ubao. Pakaza gundi, zungusha kamba kuanzia chini, na kila mzunguko ugonge kwa nyundo ukae juu ya mwenzake bila mwanya. Kichwa cha skrubu kisichomoze popote. Ikauke siku nzima, halafu isukume kwa juu. Ikiyumba, ongeza upana wa ubao, kwani paka akishtuka mara moja huenda asiiguse tena.

3. Kuiweka. Weka palepale anapoparura, si uani. Wengi hunoa kucha wakiamka, kwa hiyo karibu na anapolala pia panafaa. Sofa lifunike kwa shuka lililobanwa sawasawa.

4. Kumfundisha. Vuta uzi ukipanda nguzo ili aurukie. Kucha zikigusa kamba tu, mpe dagaa mmoja, aliyelowekwa kutoa chumvi. Ukichelewa, hataelewa anatunzwa kwa lipi. Usimshike miguu kumlazimisha. Hapo ndipo wengi huharibu.

Akizoea, sogeza nguzo unakotaka, sentimita 10 kwa siku.

Anayechana mkeka wa ukindu hupenda kuparura chini: ilaze nguzo.

Ukikuta chini yake vimaganda vyepesi vilivyopinda kama mundu, ni kucha kuukuu, mambo yanakwenda. Kamba ikichakaa usiitupe, nyuzi zilizofumuka ndizo azipendazo. Mbao ikionekana, badilisha sehemu hiyo tu, harufu yake ibaki kwingine.