Kabla hujampelekea fundi kiwambo cha bunduki

Kiwambo cha sauti, yaani lile bomba linalofungwa mdomoni mwa bunduki ili kupunguza mlio wake, kwa sheria ya Kenya ni silaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiishii kwenye bunduki na bastola. Inaingiza pia sehemu zinazoiunda silaha, na kifaa chochote kilichoundwa au kurekebishwa ili kupunguza sauti au mwako wa risasi. Kwa hiyo bomba unaloweza kulifunika kwa kiganja, hata kama halijafungwa kwenye bunduki yoyote na hata kama ndani limeoza kwa kutu, linahitaji cheti kama bunduki yenyewe. Kukaa nalo bila cheti ni kosa chini ya kifungu cha 4, na kifungo chake huhesabiwa kwa miaka. Tunalisema hili mwanzo kwa sababu wako wenye bunduki, Malindi hata Lamu, wanaoamini kwamba ukishapewa cheti cha bunduki, kinachofungwa mdomoni mwake ni hiari yako.

Anza na cheti. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha weka cheti na kiwambo mezani uvilinganishe mstari kwa mstari: kiwambo kimetajwa chenyewe? Nambari ya kiwandani ni ileile? Ukubwa wa risasi ulioandikwa ndio uliochongwa kwenye chuma? Kama cheti kinataja bunduki tu na kiwambo hakimo, suala lako si matengenezo tena. Una silaha isiyo na kibali nyumbani. Usimpigie fundi. Mpigie wakili.

Kama kimo, sasa jiulize ni kazi gani unayotaka. Kusafisha ni ruhusa yako: kupangusa masizi, kupaka mafuta ya bunduki, kufungua sehemu ambazo mtengenezaji mwenyewe amesema mwenye kifaa azifungue. Kutengeneza kilichoharibika, mfano ufa, uzi wa kufungia (kama wa skrubu) uliolika, au visahani vya ndani vinavyopunguza sauti vilivyopigwa na risasi, ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Kubadilisha ndiko kwenye hatari kubwa: kurefusha au kufupisha bomba, kupanua tundu lipitishe risasi kubwa zaidi, kukereza uzi mpya ili kiingie kwenye bunduki nyingine. Ukimaliza hapo, kilichoko mkononi hakifanani tena na kilichoandikwa kwenye cheti, na polisi atakayekikagua ana haki ya kuuliza kile cha kwanza kiko wapi. Kukereza uzi kwenye mdomo wa bunduki isiyokuwa nao kuna shida hiyohiyo, maana mtutu ni sehemu ya silaha.

Pwani yetu ina tatizo lake, nalo ni chumvi. Nyumba inayotazama bahari, Shela au Silversands, hula chuma hata kikiwa kabatini. Kutu huanzia kwenye michoro, na mchoro muhimu kuliko yote ni nambari. Hapo mtu huchukua msasa akasugua mpaka mng'ao urudi, na nambari ikaondoka pamoja na kutu. Anayekagua hawezi kujua kama ilikuwa kutu au ilikuwa tupa, na hana sababu ya kukupa faida ya shaka. Kutu ikianza kuila nambari, usisugue, usipake rangi juu yake, na usimwambie mtu aichonge upya. Piga picha iliyo wazi, paka mafuta kwa kitambaa laini, kisha peleka taarifa kwa maandishi kwa ofisi ya polisi inayoshughulikia silaha katika kaunti ndogo yako, nambari ikiwa bado inasomeka.

Sasa fundi. Mafundi wa jua kali tunao hodari, wa kuchomelea na wa kukereza, na anayetengeneza ekseli ya trekta hashindwi na bomba dogo la chuma. Lakini kuifanya kazi ya kuunda au kutengeneza silaha kwa malipo kunahitaji kusajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha. Juu ya hayo kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inayoeleza maana ya kumiliki: kitu ni chako hata kikiwa mikononi mwa mtu mwingine, ilimradi unajua kiko huko kwa manufaa yako. Na watu wawili au zaidi wakijua na kukubali kwamba mmoja wao anakishika, wote wanahesabiwa kukimiliki. Ukikiacha kiwambo kwenye banda la fundi usiku mmoja, yeye ana silaha asiyo na cheti nayo, na wewe umempa. Umemtia hatarini mtu aliyetaka riziki ya siku tu, na hilo si haki.

Njia iliyonyooka ni ya maandishi, tena kabla ya kazi kuanza. Iandikie Bodi ya Leseni za Silaha kupitia polisi wa kaunti ndogo yako. Barua iwe na nambari ya cheti, nambari ya kiwambo, kasoro ilivyo, sehemu itakayobadilishwa, jina la mfanyabiashara aliyesajiliwa atakayeifanya kazi na nambari yake ya usajili. Kisha andika waziwazi kama urefu, ukubwa wa risasi au namna ya kufungia itabadilika. Sentensi hii ya mwisho watu huiacha kwa kuogopa kukataliwa, nayo ndiyo inayokulinda. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kisha subiri jibu lililoandikwa. Ruhusa ya mdomo, hata ikitoka kwa ofisa unayeswali naye safu moja, haitakusaidia akihamishwa.

Usitegemee hoja ya uwindaji katika barua hiyo. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuurudisha. Ngedere wakivamia mahindi Mpeketoni au viboko wakipanda mashambani kando ya Mto Sabaki, mwenye kuitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Safari nayo ina taratibu zake. Kutoka Lamu unavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi, na vizuizi vya polisi viko njiani. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 upekuzi wa njia hii si wa mzaha, na kiwambo kwenye mkoba kinamstua askari kuliko bunduki iliyo wazi. Chukua cheti halisi, wala usitegemee picha kwenye simu. Beba na ile barua ya jibu. Kiwambo kikae kwenye sanduku lenye kufuli, risasi zisiwemo kabisa, na ukifika kizuizini sema mwenyewe kabla hujapekuliwa. Kwa ndege kutoka Manda, ongea na shirika kabla ya siku ya safari, si kwenye meza ya mizigo.

Dukani, hakikisha kifaa kimeingizwa kwenye daftari la mfanyabiashara siku unayokiacha na siku unayokichukua, na stakabadhi zote mbili zitaje nambari. Sehemu za zamani zilizotolewa usizibebe nyumbani kama kumbukumbu. Zibaki dukani, na stakabadhi iseme hivyo. Kama maelezo ya kifaa yamebadilika, rudi cheti kirekebishwe kabla hujakifunga kwenye bunduki.

Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni ni wa Marekani, na wenye jamaa huko huupokea kama sheria ya dunia nzima. Huko sheria ya viwambo ni ya 1934. Kodi ya dola 200 iliyokuwa ikitozwa ilishuka hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026, ila usajili ulibaki palepale. Hata huko, kisahani kimoja cha ndani kinahesabiwa kuwa kiwambo peke yake, kwa hiyo mwenye kifaa haruhusiwi kujiwekea vipuri. Matengenezo hufanywa na kiwanda chenye leseni, na kurefusha bomba huhesabiwa kuwa kuunda kiwambo kipya. Kukitoa Marekani kunataka kibali cha serikali yao, na kukiingiza Kenya kunataka kibali cha kwetu. Binamu yako asikitie kwenye sanduku la zawadi. Vivyo hivyo na vile vikopo vya chuma vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la vifaa vya kusafishia mtutu: Marekani wanunuzi wake wamefikishwa kortini, na hapa jina lililoandikwa kwenye kifurushi halimzuii ofisa wa forodha kuangalia kitu kimeundwa kwa kazi gani.

Kuna la mwisho, la familia. Mzee akifariki akaacha bunduki na kiwambo, cheti chake hakirithiwi. Kadhi anaweza kugawa mirathi, lakini hawezi kumpa mrithi leseni. Msikigawe na msikifiche darini mpaka arobaini ipite. Kifungieni mahali pamoja, mtu mmoja ajulikane ana ufunguo, na wakili au mzee wa familia apige ripoti kituoni mara moja, aombe askari waje kukichukua nyumbani. Kukipakia kwenye bodaboda ili ukisalimishe ni kukibeba bila cheti njia nzima. Ofisa akikichukua, ombeni nambari ya OB (daftari la matukio la kituo) na hati iliyosainiwa yenye nambari ya kiwandani, kisha itieni kwenye faili moja na cheti cha kifo. Na kama mtu atakamatwa kabla hayo hayajafanyika, Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwa na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Asitie sahihi maelezo yoyote kabla wakili hajafika.