Kloja katika JavaScript: daftari la Wete lisichanganyike na la Mkoani

Kloja ni funksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) inayoendelea kuvishika vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, vya pale ilipoandikwa, hata kama funksheni iliyoizaa imeshamaliza kazi. Tuchukue ununuzi wa karafuu Pemba: kila kituo kina jumla yake ya kilo, na mzigo wa Wete hautakiwi kuhesabiwa Mkoani.

Hatua ya 1. Fungua kivinjari, bonyeza F12, ingia kwenye konsoli (sehemu ya kuandikia na kujaribia msimbo), andika:

```
function funguaDaftari(kituo) {
  let jumla = 0;
  return function (kilo) {
    jumla += kilo;
    return kituo + ": kilo " + jumla;
  };
}
```

Hatua ya 2. Fungua madaftari mawili, kisha ingiza mizigo:

```
const wete = funguaDaftari("Wete");
const mkoani = funguaDaftari("Mkoani");
wete(40); // Wete: kilo 40
wete(25); // Wete: kilo 65
mkoani(30); // Mkoani: kilo 30
```

Kila `funguaDaftari` inapoitwa, `jumla` mpya huzaliwa. Andika `jumla` peke yake kwenye konsoli, utajibiwa `ReferenceError`, yaani jina hilo halijulikani hapo: haifikiki ila kwa kupitia funksheni uliyorudishiwa.

Wengi huharibu hapa kwa kuandika `funguaDaftari("Wete")(25)` ndani ya kazi ya kitufe. Kila kikibonyezwa, daftari jipya hufunguliwa na jumla haipandi. Liite mara moja tu, nje ya kitufe.

Kuna na kosa linalosingiziwa kloja bure. Kilo zikitoka kwenye kisanduku cha fomu huja kama maandishi, kwa hiyo 0 na "40" huungwa kuwa "040", na ukiongeza "25" unapata "04025". Dawa ni `jumla += Number(kilo)`.

Hatua ya 3. Sasa kitanzi, mtego wenyewe:

```
const vituo = ["Wete", "Chake Chake", "Mkoani"];
for (var i = 0; i < vituo.length; i++) {
  setTimeout(function () {
    console.log(vituo[i]);
  }, 1000);
}
```

`setTimeout` huahirisha funksheni kwa milisekunde ulizotaja, hapa 1000. Badala ya majina unapata `undefined` (hakuna thamani) mara tatu. Kloja hainakili thamani, inakishika kigeu chenyewe, na `var` inatoa `i` moja kwa kitanzi kizima. Funksheni zinapokuja kufanya kazi, `i` imeshafika 3, na `vituo[3]` hakuna. Usihangaike kupunguza 1000 iwe 0; `setTimeout` husubiri msimbo unaoendelea uishe kwanza, kwa hiyo matokeo ni yale yale. Badilisha `var` iwe `let`, iliyoingia kwenye lugha mwaka 2015. Kila mzunguko utapata `i` yake, na majina yatatoka sawasawa.

Hatua ya 4. Kigeu kilichoshikwa hakifutwi kwenye kumbukumbu maadamu funksheni inayokishika bado inatumika mahali. Kwa namba moja si kitu. Kwa orodha ya maelfu ya risiti iliyoshikwa na kitufe, ukurasa utakuwa mzito, basi iondoe funksheni hiyo kwenye kitufe kwa `removeEventListener`. Ipe amri hiyo funksheni ile ile uliyoisajili, iliyohifadhiwa kwa jina. Ukiiandika upya, hata herufi kwa herufi, kwa JavaScript hiyo ni nyingine na haitaondoa kitu.