Namna ya Kutathmini Afya na Ukuaji wa Usharika: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa wa Dodoma

Taarifa za mwisho wa mwaka za sharika zetu hufanana sana: kazi ya Mungu inasonga mbele, washarika wameongezeka, sadaka imepanda. Huenda yote hayo ni kweli, lakini hayamwambii mchungaji wala baraza la wazee jambo wanalolihitaji zaidi, yaani ni nani ameongezeka, ametoka wapi, na ni nani aliyekuwapo miaka michache iliyopita ambaye leo haonekani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitafuta jibu kwa kutumia vitu ambavyo usharika unavyo tayari, yaani madaftari ya kanisa, watu wanaofahamiana, na miezi michache ya uvumilivu. Umeandikwa kwa lugha ya usharika na wazee, lakini parishi ya Kianglikana au parokia ya Kikatoliki inaweza kuutumia bila kubadilisha jambo la msingi.

Kazi hii ifanywe na watu watano hadi saba. Awemo mzee wa kanisa, mama kutoka umoja wa wanawake, kijana, mwinjilisti, na angalau msharika mmoja asiye na cheo chochote. Mchungaji aibariki kazi na kuifuatilia, ila asiwe mwenyekiti wa kamati, kwa sababu sehemu ya yatakayosemwa inamhusu yeye mwenyewe na watu wetu hawapendi kumwaibisha mtumishi wa Mungu usoni pake. Mtunza hazina naye asiiongoze.

Kuutazama mji kabla ya kulitazama kanisa

Idadi ya washarika haina maana mpaka ilinganishwe na idadi ya watu wanaokaa kuzunguka kanisa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Kati ya sensa hizo mbili, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, mwaka 2018 manispaa ikapewa hadhi ya jiji, na Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Kutoka sensa ya kwanza hadi ya pili, watu waliongezeka kwa karibu asilimia 86 katika miaka kumi. Tuseme basi usharika wa mjini ulikuwa na watu 300 ibadani mwaka 2012 na ukawa na watu 450 mwaka 2022. Kwenye taarifa utaandikwa kuwa umekua kwa nusu, na watu watapiga makofi. Lakini ili kwenda sawa na mji wake, usharika huo ulipaswa kuwa na watu wapatao 560. Kwa kipimo hicho umebaki nyuma, na benchi zilizojaa zimelificha jambo hilo.

Vijijini hali ni kinyume. Usharika wa upande wa Mvumi, Bahi au Kongwa unaoona vijana wake wakiondoka kila mwaka kwenda shule, kutafuta kazi za ndani mijini au kuendesha bodaboda, ukabaki na watu 120 mwaka baada ya mwaka, si lazima uwe umedumaa. Inawezekana kwamba unabatiza na kufundisha watu wengi ambao matunda yao yanavunwa na sharika za mjini. Kuuhukumu kwa idadi peke yake ni kuuonea.

Kwa hiyo kamati itenganishe njia tatu ambazo watu huingilia kanisani: watoto waliozaliwa katika nyumba za washarika, Wakristo waliohamia kutoka mahali pengine, na watu walioongoka ambao hapo awali hawakuwa wa kanisa lolote. Maeneo kama Nzuguni, Ihumwa na Kisasa yanaweza kujaza kanisa kwa njia ya pili pekee, watumishi wa umma wakifika na barua zao za utambulisho mkononi. Kuwapokea ni wajibu na ni furaha, lakini haki inataka kukiri kwamba walihubiriwa na watu wengine. Usharika ambao kwa miaka mitano haujambatiza mtu mzima hata mmoja una swali la kujibu, hata kama unajenga jengo la pili.

Kuhesabu Jumapili zinazofaa

Msihesabu Krismasi, Pasaka, sikukuu ya mavuno wala Jumapili ya kipaimara. Chagueni Jumapili za kawaida, na mzichague kwa kuijua kalenda ya mahali penu. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo familia nyingi za wakulima hukaa mashambani, nyingine mbali na kijiji. Usharika wa kijijini uhesabu basi Jumapili mbili za Februari na mbili za Agosti, ili msimu wa jembe na msimu wa mapumziko vyote vionekane. Sharika zilizo karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma zitofautishe miezi ya masomo na miezi ya likizo. Za katikati ya jiji zikumbuke kwamba Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, huleta wageni wengi ambao mwezi Julai hawatakuwapo. Wanaume, wanawake, vijana na watoto wahesabiwe mbalimbali. Watoto wa Shule ya Jumapili wasiachwe nje ya hesabu kwa kuwa wako chini ya mwembe. Mara nyingi hao ndio sehemu kubwa ya usharika, na walimu wao ndio wasiopewa hata chaki.

Daftari la kipaimara

Kama kamati ina nguvu ya kufanya jambo moja tu, ifanye hili. Chukueni daftari la kipaimara, mfungue ukurasa wa darasa la miaka mitano iliyopita, na mwandike majina yote kwenye daftari jipya, jina moja kwa kila mstari. Kisha waiteni watu wanaozijua familia hizo, hasa akina mama na viongozi wa jumuiya, na kwa kila jina muulize: yuko wapi leo? Majibu yataangukia kwenye mafungu machache. Yupo na anashiriki. Yupo kijijini au mtaani lakini haji. Amehama akiwa na barua. Amehama bila barua. Amejiunga na kanisa lingine. Amefariki. Fungu la mwisho, ambalo kamati nyingi husahau kuliandika, ni la wale ambao hakuna mtu hata mmoja chumbani anayejua walipo.

Mfugaji wa Kigogo hahitaji kuhesabu ng'ombe wake jioni ili ajue kwamba mmoja hajarudi. Anawajua kwa rangi na pembe zao. Zoezi la majina linauliza kama usharika unawajua watu wake namna hiyo. Fungu la wasiojulikana likiwa kubwa, ugonjwa uko kwenye utunzaji wa watu, na hakuna mkutano wa injili wala mitambo mipya ya muziki itakayoutibu.

Kila fungu lina dawa yake. Kwa waliohama bila barua, mwinjilisti atafute namba zao kwa wazazi, awapigie, kisha awaunganishe na mchungaji wa huko walipo. Binti aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani akiwa na umri mdogo anahitaji sana mtu wa kanisa anayejua jina lake, na si kwa sababu za ibada peke yake. Waliokwenda kanisa lingine watembelewe bila ugomvi na bila kuwabembeleza warudi. Waulizwe tu walikosa nini, na jibu liandikwe kama walivyolisema. Wengi hawatataja mafundisho. Watasema walikuwa wagonjwa na hakuna aliyekuja, au walitajwa hadharani kwa kuchelewesha ahadi ya sadaka. Wale waliopo lakini hawaji ndio wagumu zaidi, kwa maana nyuma ya ukimya wao huwa kuna jambo ambalo wazee wanalijua na hawataki kulisema: ndoa isiyofungwa kanisani, deni, ugomvi wa shamba, au mimba iliyoadhibiwa upande mmoja huku kijana wa kiume akiendelea kuimba kwaya.

Mkimaliza darasa hilo, fanyeni vivyo hivyo kwa darasa la miaka kumi iliyopita. Katika parishi kongwe za Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1927, madaftari yanaweza kufika vizazi vitatu nyuma, lakini hakuna haja ya kwenda huko. Madarasa mawili yanatosha kuonyesha mwelekeo. Orodha hizi zitunzwe kwa siri. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za watu si jambo la kuachwa mezani, na hata pasipokuwa na sheria, maelezo ya maisha ya mtu si ya kusomwa kwenye matangazo.

Sadaka

Jumla ya sadaka ni kipimo dhaifu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba thamani ya shilingi hubadilika. Usharika wa wakulima unaweza kugawa sadaka ya mwaka kwa bei ya debe la mtama au mahindi ya mwaka huo, ukaona kama kweli utoaji umepanda au ni bei tu iliyopanda. Ya pili ni kwamba watu wachache wenye uwezo wanaweza kuibeba jumla yote, na mtumishi mmoja akihamishwa kikazi hazina ikatikisika. Hesabuni bahasha za sadaka zilizorudi badala ya kilichomo ndani yake. Idadi ya watoaji ikishuka huku jumla ikipanda, mnaelekea kuwa na wafadhili na watazamaji. Mkumbuke pia vitu: mbuzi, karanga na debe za uwele zinazonadiwa baada ya mavuno ziandikwe kama utoaji wa yule aliyezileta, si wa yule aliyeshinda mnada peke yake. Mjane aliyeleta kuku huwa haonekani kabisa kwenye vitabu vyetu.

Halafu tazameni pesa zilikwenda wapi. Sharika zetu zina tabia ya kuwa na jengo lisilokwisha, na jengo hilo likameza fungu la wagonjwa, fungu la uinjilisti na posho ya mwinjilisti aliye mtaa wa mbali. Simpingi anayejenga, nasema tu kwamba bati si ushahidi wa afya.

Kusikiliza

Madaftari hayasemi yote. Kamati iitishe vikao vya makundi mbalimbali, akina mama peke yao, vijana peke yao, wanaume peke yao, kwa kuwa kijana hatamkosoa mzee wake mbele ya watu na mama hatalisema la nyumbani mbele ya shemeji. Ikiwezekana aalikwe msikilizaji kutoka usharika jirani. Mahali ambapo wazee husali kwa Kigogo, kikao nacho kiwe kwa Kigogo, maana mtu hueleza uchungu wake vizuri zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo.

Maswali yawe ya mambo yaliyotokea, si ya maoni. Ukiuliza kama kanisa linawajali watu, utajibiwa kuwa linawajali. Uliza hivi: ulipougua mara ya mwisho, nani alikuja? Mara ya mwisho ulipopokea Meza ya Bwana katika mtaa wenu ilikuwa lini? Ni nani alikufundisha kusoma Biblia, na wewe umemfundisha nani? Msiba wa mtu maskini asiye na ndugu kanisani ulihudhuriwa na wangapi, na chakula kilitoka wapi? Swali hili la mwisho lina uzito mkubwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, kanisa la Yerusalemu lilipokuwa likiongezeka ndipo yalipozuka manung'uniko kwamba wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuyapuuza; waliwaweka watu saba kuishughulikia kazi hiyo, na habari hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba idadi ya wanafunzi ilizidi kuongezeka. Ukuaji ulileta tatizo, na kulitatua kukafungua njia ya ukuaji zaidi.

Kuhusu viongozi, jambo moja linatosha: andikeni majina ya wanaoongoza ibada, kwaya, jumuiya na kamati, kisha mwone ni majina mangapi yanajirudia, na ni wangapi walianza huduma katika miaka mitatu iliyopita.

Kutoka kwenye matokeo hadi uamuzi

Matokeo yaandikwe kwenye ukurasa mmoja na yasomwe kwanza kwenye baraza la wazee pamoja na mchungaji, bila jina la msharika yeyote. Baraza lipewe wiki mbili za kuomba na kutafakari kabla ya kujadili, kwa sababu jibu la kwanza la viongozi wengi ni kujitetea. Baada ya hapo mkutano wa usharika usikie ukurasa huo huo, usiolainishwa.

Chagueni mambo mawili tu ya kushughulikia kwa mwaka mzima. Kama fungu la wasiojulikana lilikuwa kubwa, jambo la kwanza liwe kwamba kila kiongozi wa jumuiya anatunza daftari la familia zake na kulileta kwa mwinjilisti kila baada ya miezi mitatu. Kama hakuna watu wazima waliobatizwa, amueni ni mtaa upi usio na ibada utakaotembelewa, na nani, na kwa siku zipi. Kila uamuzi uwe na jina la mhusika na tarehe, na fedha yake itengwe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, kabla ya ile ya jengo.

Hesabu ya Jumapili irudiwe Februari na Agosti zinazofuata, na daftari la kipaimara lifunguliwe tena kwa darasa la mwaka unaofuata. Madaftari ya tathmini yakae ofisini kwa mchungaji, kwenye kabati linalofungwa, na yaingizwe kwenye makabidhiano anapohamishwa. Yakibaki nyumbani kwa katibu, mchungaji mpya ataanza upya bila kujua ni majina gani yalikuwa yakitafutwa.