Kasha la kompyuta la plaiwudi kwa zana za mkono

Kasha la kompyuta lina kazi nne tu: kuushika ubao mama (ule ubao mkuu wa saketi unaounganisha sehemu zote za kompyuta) usiyumbe, kupitisha hewa ya kutosha, kuwazuia watoto na wadudu wasifike penye umeme, na kuziunganisha sehemu za chuma na ethi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayodai mashine ya kiwandani. Kompyuta ya Apple-1, ilipoanza kuuzwa mwaka 1976, ilikuwa ubao mtupu usio na kasha wala kibodi, na baadhi ya wanunuzi waliuchongea ubao huo makasha ya mbao. Kasha nitakaloeleza hapa ni la kulala mezani, la plaiwudi ya milimita 12, na linajengwa kwa msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, keekee, tupa, patasi, bisibisi, skwea na futi kamba. Anayezishika zana hizo kwa mara ya kwanza ajipangie wiki nzima, kwa kuwa zaidi ya nusu ya muda huo ni wa kusubiri gundi na vanishi vikauke.

Kabla ya kugusa mbao, ujue ubao mama wako ni wa saizi gani. Ubao wa ATX una milimita 305 kwa 244, wa Micro-ATX una 244 kwa 244, na wa Mini-ITX una 170 kwa 170. Vipimo vya mwongozo huu ni vya Micro-ATX, kwa sababu huo ni rahisi kuupata na unaingia kwenye kasha lisilojaza meza. Pawa saplai (kisanduku kinachougeuza umeme wa ukutani uifae kompyuta) ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na urefu wake mara nyingi ni 140. Mwenye kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini aangalie jambo moja zaidi: baadhi ya kompyuta hizo zina ubao na pawa saplai za umbo la peke yake, zenye plagi zisizoingia kwenye kitu kingine chochote, na ukishaitoa mashine ya namna hiyo kwenye kasha lake utalazimika kupima kila tundu upya.

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote ni huu: usijaribu kutengeneza ukuta wa nyuma kutoka mwanzo. Nenda kwa fundi kompyuta au kwa wauza vyuma chakavu, utafute kasha bovu la ATX, hata lililopondeka ubavuni, mradi ukuta wake wa nyuma na bati linalobeba ubao mama viwe vimenyooka. Tundu la kutokezea soketi za nyuma lina upana wa milimita 158.75 na kimo cha 44.45, na nafasi za kadi za ziada, kama za picha au sauti, zimeachana milimita 20.32 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Kosa la milimita mbili linatosha kuifanya waya ya skrini isiingie. Kiwanda kimeshazikata nafasi hizo sawasawa, na hakuna fahari yoyote katika kushindana nacho kwa tupa.

Toa kila kitu kwenye kasha hilo bovu, kisha ukate kwa msumeno wa chuma vipande viwili. Cha kwanza kina umbo la herufi L: bati la chini linalobeba ubao mama, likiwa bado limeshikana na sehemu ya nyuma yenye tundu la soketi na nafasi za kadi. Usiitenganishe kona hiyo, maana ndiyo inayohakikisha kwamba soketi zinatokea mahali pake. Punguza kimo cha sehemu ya nyuma mpaka kiwe chini ya milimita 150, na upana wa bati uwe karibu na wa ubao wenyewe, yaani usizidi milimita 250. Kipande cha pili ni fremu ndogo iliyokuwa ikiishika pawa saplai, pamoja na matundu yake manne. Kingo za bati lililokatwa kwa msumeno zinakata ngozi kama wembe, kwa hiyo piga tupa kila ukingo, nje na ndani, hadi upitishe kidole bila woga.

Sasa mbao. Mninga unapendeza kuliko plaiwudi, hilo halina ubishi, lakini ubao mpana wa mti mmoja hutanuka na kunywea kufuata unyevu wa hewa, na kasha likijipinda linauvuta na ubao mama. Plaiwudi ina tabaka zilizopishanishwa nyuzi zake, ndiyo maana inatulia. Anayetaka urembo abandike mninga mwembamba kwenye uso wa mbele tu. Karatasi nzima ya plaiwudi ina milimita 2440 kwa 1220, nasi tunahitaji chini ya moja ya sita yake, hivyo masalio ya karakana ya seremala yanatosha kabisa.

Nafasi ya ndani iwe na upana wa milimita 420, kina cha 300 na kimo cha 150. Ukiweka ubao mama wenye upana wa 244 na pawa saplai yenye 150 sambamba, zinabaki milimita 26 za kupumulia. Mbele ya ubao mama zinabaki 56. Feni inachukua 25 kati ya hizo, na 31 zilizosalia ni za waya. Kasha langu la kwanza nililiachia milimita 15 tu mbele ya ubao, kwa kuwa nilipima ubao ukiwa mtupu na kusahau kwamba plagi na waya zinazopinda nazo zina unene. Ukuta wa mbele ulikataa kukaa, nami nikaishia kuutoboa dirisha ambalo halikuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kuficha aibu yangu. Basi chomeka waya zote kwanza, kisha upime.

Kata sakafu na kifuniko, kila kimoja milimita 444 kwa 318. Kuta mbili za pembeni za 318 kwa 150. Na ukuta wa mbele wa 420 kwa 150. Vyote hivyo ni vya plaiwudi ya milimita 12. Ukuta wa nyuma una vipimo sawa na wa mbele, ila uwe wa plaiwudi ya milimita 6. Kuta za mbele na nyuma zinasimama katikati ya zile za pembeni, na kuta zote zinakaa juu ya sakafu. Unapokata, msumeno nao unakula mbao, hivyo kata nje kidogo ya mstari kisha umalizie kwa randa au msasa. Ili plaiwudi isichanike nyuzi, chora mstari kwa kisu chenye makali, tena kwa nguvu, kabla ya kuushusha msumeno. Kuta mbili za pembeni zishikanishe pamoja na uzisawazishe zikiwa hivyo. Hata zikipungua milimita moja, zitakuwa zimepungua sawa na kasha halitachechemea.

Kazi inayowatisha wengi ni tundu la feni, na ukweli ni kwamba inahitaji subira kuliko ustadi. Feni ya milimita 120 ina matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 105 kila upande. Yachore kwenye ukuta wa mbele, uelekeo wa prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu na kutoa joto), halafu uunganishe pembe kwa mistari miwili inayokatana ili upate katikati. Kutoka hapo chora duara la kipenyo cha milimita 115 kwa bikari, na ndani yake chora lingine la 108. Sasa toboa kwa keekee, kwa biti ya milimita 5, ukilifuata lile duara la ndani na kuacha milimita 7 kutoka katikati ya tundu moja hadi la pili. Yatatoka karibu matundu 50. Weka kipande cha mbao chakavu nyuma ya ukuta ili biti isipasue plaiwudi inapotokea upande wa pili. Yaliyobaki kati ya tundu na tundu ni vijipande vyembamba ambavyo patasi huvikata kwa kugongwa kidogo kidogo. Duara likishadondoka utaona ukingo wenye meno kama ya papa. Uzungushie tupa yenye mgongo wa mviringo, ukisukuma kutoka usoni kuelekea ndani, hadi mstari wa nje uanze kufutika. Mzunguko huo wa tupa ulinichukua kama nusu saa, na vumbi lake ni jingi, hivyo funika pua.

Kwenye sakafu, chini ya mahali pa pawa saplai, toboa safu za matundu ya milimita 8. Pawa saplai nyingi za sasa zina feni kubwa kwenye uso mpana, na ukiilaza feni hiyo ikitazama chini itavuta hewa ya nje moja kwa moja badala ya ile iliyokwisha pashwa moto na prosesa. Hilo linadai kasha liinuliwe kwa miguu ya mpira ya milimita 20. Hewa ya moto itoke kwenye ukuta wa pembeni ulio upande wa kadi: matundu 40 ya milimita 10 karibu na ukingo wa juu yanatosha. Kila penye tundu pabanwe wavu wa chuma kwa ndani. Wavu wa mbu usiutumie kwenye feni, kwa sababu macho yake ni madogo mno, unapunguza hewa na kuziba kwa vumbi mapema. Ule wenye macho ya milimita 2 au 3 unawazuia mende wakubwa na mijusi, nao ndio wanaopenda joto la pawa saplai.

Ukuta wa nyuma ukatwe dirisha moja la kipande cha L na jingine la fremu ya pawa saplai. Madirisha hayo yawe mapana kuliko matundu ya chuma kwa milimita 10 kila upande, ili plagi zenye vichwa vinene zisigote kwenye mbao. Chuma kinabaki ndani, mbao nje yake. Usithubutu kuifunga pawa saplai moja kwa moja kwenye plaiwudi, kwani skrubu zake ni fupi na hazivuki milimita 6. Ipange upande wa prosesa, si upande wa kadi. Kwa kawaida plagi kubwa ya pini 24 iko upande huo na waya yake haitavutwa.

Unganisha kuta na sakafu kwa gundi ya mbao na skrubu, ukizitobolea njia kwanza ili plaiwudi isipasuke. Pima kwa futi kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara mbili. Vipimo vikilingana, kasha limekaa mraba, vikitofautiana, sukuma kona ndefu kabla gundi haijashika. Gundisha vijiti vifupi vya milimita 20 kwa 20 kwenye kona nne za ndani, juu karibu na kifuniko, ili vipokee skrubu za kifuniko. Baada ya siku moja piga msasa namba 120, halafu 240, kisha vanishi mikono miwili, ukizingatia zaidi kingo zilizokatwa, maana hapo ndipo plaiwudi inaponywa unyevu. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja hili si la hiari. Vanishi ikauke siku tatu kabla kompyuta haijaingia.

Funga kipande cha L kwenye sakafu kwa skrubu za mbao zenye vichwa bapa, na utoboe matundu yote ya chuma sasa, si baadaye. Vumbi la chuma likianguka juu ya ubao mama linaweza kuunganisha nyaya mbili zisizopaswa kukutana. Vile vinguzo vya shaba vinavyoubeba ubao viwepo tu penye tundu la ubao. Kimoja kilichosahaulika katikati kitagusa lehemu kwa chini na kusababisha shoti. Angalia pia skrubu: za vinguzo na za pawa saplai mara nyingi ni za kipimo cha inchi, na za diski ndogo za inchi 2.5 ni za milimita 3. Zinafanana kwa macho. Ikianza kugoma baada ya mzunguko mmoja, itoe.

Kwa kuwa mbao haipitishi umeme, vipande viwili vya chuma havikutani tena kama zamani. Kwangua rangi kidogo kwenye kila kimoja, ukaviunganishe kwa waya ya shaba yenye vijicho vilivyobanwa kwa skrubu. Bati la ubao mama litakuwa limeungana na ganda la pawa saplai, na kupitia hapo na pini ya tatu ya plagi, na ethi ya nyumba. Adapta ya pini mbili inaikata njia hiyo. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda.

Swichi ya kuwashia iwe ya kubonyeza na kuachia, kama ya kengele ya mlango. Waya zake mbili huenda kwenye pini za ubao mama zilizoandikwa PWR au PW, na haijalishi ipi iko wapi; taa ndogo ya kuonyesha kwamba kompyuta imewaka ndiyo inayojali, na isipowaka igeuze. Kabla ya kufunika, washa kompyuta na uusogeze ukanda wa karatasi mbele ya feni. Ukivutwa kuelekea kwenye wavu, hewa inaingia kama tulivyokusudia. Ukipeperushwa nje, feni imefungwa kinyume, nayo huwa na mshale ubavuni unaoonyesha uelekeo.

Kisha funika kwa skrubu mbili tu, uipe kompyuta kazi nzito kwa saa moja na usome joto la prosesa. Likizidi nyuzi 85, ongeza matundu kwenye ukuta wa kutolea hewa kabla ya kufikiria feni ya pili. Utachomoa umeme na kuutoa ubao mama kwanza, kwa kuwa unga wa mbao nao hautakiwi humo ndani. Likitulia chini ya hapo, funga skrubu mbili zilizobaki.